Nani Alinyoosha Koti la Kogo

Mkubwa wa idara aliniambia kabla sijatoka niwaachie nyinyi mlioajiriwa juzi kurasa chache kuhusu kazi. Nafikiri alitaka niandike mahali funguo za stoo zinakaa. Zinakaa kwenye kopo la mafuta ya kupikia nyuma ya mlango. Hiyo nimemaliza. Sasa nitaandika yangu.

Jina langu ni Muchiri. Nimekuwa fundi wa nguo wa idara ya filamu za katuni hapa chuoni Nakuru miaka kumi na sita. Shule niliachia darasa la sita, kwa hivyo mkikuta makosa humu, nyamazeni nayo. Vyeo na mishahara nitaruka. Cheo sikupata, na mshahara mnaujua. Watu nitawataja kwa majina, kwa sababu nimechoka kusema "mtu fulani" na huyo mtu fulani sote tunamjua.

Siku ya kwanza sikuja kuajiriwa. Nilikuja kupima madirisha. Mwalimu Wekesa, ambaye ndiye alianzisha kozi hii, alitaka mapazia meusi mazito, jua lisiingie hata kidogo. Nilikuwa juu ya ngazi napima, yeye chini ananiangalia.

"Boss," akaniambia, "unaweza kushonea shati mtu wa urefu huu?" Akaonyesha kwa mkono, kama chupa ya soda.

Nikamwambia, "Huyo mtu amepatwa na nini?"

Wanafunzi wakacheka. Wekesa hakucheka. Akanionyesha mtu mwenyewe, yuko mezani, uchi, wa waya na sponji. Wao walimwita papeti. Akanieleza vile wanafanya: unamweka mezani, unampiga picha, unamsogeza mkono kidogo tu, unapiga nyingine. Picha kumi na mbili ndizo zinatoa sekunde moja ya filamu. Mtu akitembea kutoka mlangoni hadi kwa kiti, siku imeisha. Nilifikiri ananichezea. Lakini aliwasha kompyuta nikaona yule mtu wa waya akikaa chini na kushika kichwa kama amepata habari mbaya. Niliteremka kwa ngazi nikamuuliza shati analitaka lini.

Shati la kwanza liliharibika. Nilikata kitambaa cha miraba, na miraba ambayo kwa mtu mzima ni shati, kwa mtu wa urefu wa chupa ni blanketi. Wekesa aliliinua mbele ya darasa zima. "Fundi, huyu amevaa kitambaa cha meza." Wanafunzi wakaniita Fundi wa Meza hadi Krismasi. Andikeni hilo: maua madogo, miraba midogo, uzi mwembamba kuliko wote, na sufu usiitumie kabisa kwa sababu vinyweleo vyake huonekana vikitetemeka picha hadi picha kama papeti ana homa.

Aliyenifundisha kazi hasa hakuwa Wekesa. Alikuwa Mzee Karanja, fundi wa sofa pale Bondeni, ambaye nilikuwa nakwenda kwake kuomba mabaki ya sponji. Karanja hakuwahi kuona filamu ya katuni na hakutaka kuona. Lakini alijua vile kitambaa hukaa juu ya kitu laini. Alinifundisha kukata sponji kwa wembe uliolowa, na kusokota waya mbili kwa drili, upande mmoja umefungwa kwa msumari, hadi ziwe kitu kimoja kinachopinda bila kukatika. Nikamuuliza nitafanyaje koti likae vile limewekwa, lisirudi lenyewe. Akafikiria huku anatafuna.

"Wewe koti lako lina mifupa?"

"Halina, mzee."

"Basi litie mifupa."

Nikatia waya mwembamba ndani ya pindo, kuzunguka chini kote. Tangu siku hiyo nguo zangu zilikaa mahali ziliwekwa. Miaka kumi na sita, kila papeti aliyetoka hapa alikuwa na waya ya Karanja kwenye pindo. Karanja alikufa na hakuna filamu hata moja iliyomtaja. Filamu huisha na majina, mmeona. Majina yanapanda kutoka chini: mwandishi, mpiga picha, sauti, hata aliyeleta chai. Jina la fundi wa nguo halikuwa linapanda. Niliuliza Wekesa mwaka wa pili. Alisema ni filamu za wanafunzi, ni lazima zionekane ni kazi ya wanafunzi.

Vyombo vyangu vilikuwa hivi: mkasi mdogo wa kukata kucha, koleo mbili, pini, sindano namba kumi, na chaki ya fundi, ya bluu. Chaki hiyo haitoki vidoleni hata ukioga. Mke wangu alikuwa anaona alama zake kwenye vikombe anajua nimekunywa maji.

Sheria ya chumba cha picha ilikuwa moja. Wekesa aliibandika mlangoni: picha zikianza, hakuna anayeshika kitu ila mwanafunzi mwenye filamu. Ukisogeza papeti kidogo tu katikati ya picha mbili, kwenye filamu anaruka kama aliyepigwa stima, na kazi ya siku mbili imekwenda. Mama Adhiambo, aliyekuwa anatufagilia, alipangusa vumbi kwenye meza asubuhi moja. Vumbi tu. Wekesa alimwondoa siku hiyo hiyo, na huyo mama alikuwa na watoto wanne. Wenzangu wengine watatu waliondolewa kwa mambo kama hayo. Mimi nilibaki. Nilikuwa najua mikono yangu ikae wapi.

Ila mara moja.

Chelangat alikuja kutoka Mau Narok, miaka yake ishirini, na sweta ya shule bado mwilini. Hakujua kushika koleo. Nilimfundisha mimi, si Wekesa. Nilimfundisha kusokota waya. Nilimfundisha kuchanganya lile vumbi jeupe linalochimbwa Kariandusi na gundi ya mbao hadi likawa kama ugali laini, unafinyanga kichwa, kikikauka ni chepesi kama yai tupu na shingo ya waya inakibeba. Wiki tatu alikuwa ananiharibia waya. Wiki ya nne akafanya mkono, vidole vitano, kila kidole na viungo vyake, na mkono ule ulikuwa mzuri kuliko wangu wa miaka yote. Niliuangalia nikasema, "Si mbaya." Kisha nikaenda nyuma ya stoo nikasimama huko kidogo.

Mnajua wivu wa mtu anayekushinda kitu ambacho hujawahi kufanya? Huo unavumilika. Mimi nauzungumzia ule wa kumfundisha mtu Jumatatu na Ijumaa anakufundisha.

Na alikuwa na kitu kingine cha kunitia wivu. Kila Ijumaa alipanda kwao, na Jumatatu alirudi na tope la Mau Narok kwenye viatu. Mimi nilizaliwa huko. Tulifukuzwa nikiwa mdogo, ndiyo maana shule ilikatika, na mama yangu alitoka na vitu viwili: cherehani kichwani na koti mwilini. Sijawahi kurudi. Huyu alikuwa anarudi kila wiki kama anaenda chooni.

Filamu yake ya mwisho wa kozi ilikuwa ya dakika nne. Ni ya nyanya mmoja, Kogo, ndivyo kwao wanaita nyanya. Kogo ana mtoto aliyekwenda Mai Mahiu kuwa dereva wa lori. Kila asubuhi anavaa koti lake zuri, anabeba debe la viazi, anakaa kando ya barabara kungoja lori la mtoto. Malori yanapita. Siku moja lori linasimama. Si mtoto, ni dereva mwingine, anataka viazi tu. Anamuuzia, anarudi nyumbani. Imeisha. Hakuna mtu anayesema neno. Nilimwambia, "Hiyo si hadithi, hiyo ni Jumanne." Akacheka, akasema, "Fundi, nishonee koti la mathe anayetaka kuonekana hajashindwa."

Sasa mtu akiniambia hivyo, mimi nitashona koti gani? Nilijua moja tu. Rangi ya maruni, kola pana, vifungo vitatu vikubwa, bitana ya nailoni. Nililishona siku tisa. Nilipomvisha Kogo, nilimwona mama yangu Wairimu amesimama kwenye meza, ana urefu wa chupa ya soda.

Chelangat alilizungusha kwenye mwanga. "Koti hili umelitoa wapi, fundi?"

"Kichwani," nikasema. Sikumwambia. Ningemwambia angeniibia.

Alianza kupiga picha, na chumba kikafungwa. Wekesa akawa anashinda humo, anatoka anatikisa kichwa. "Huyu msichana, Muchiri! Huyu msichana!" Miaka yote hiyo hakuwahi kusema "huyu fundi." Wageni wakaletwa kumwangalia akifanya kazi. Nilikuwa napita na ngazi yangu, wananiambia, "Samahani mzee, tupishe." Nilikuwa na miaka arobaini na minne.

Siku yenyewe ilikuwa saa ya chakula. Alikuwa amefika mahali lori linasimama. Wote walikwenda kula. Mimi nilikuwa na funguo kwa sababu ya nguo. Niliingia. Nimejiuliza miaka kumi kama niliingia kuangalia au kuharibu, na nikiwa mkweli, nilipofungua mlango nilikuwa nimeacha yote mawili wazi.

Kogo alikuwa amekaa kwenye debe lake, uso umeanza kuinuka kuelekea barabarani. Na pindo la koti, upande wa kushoto, lilikuwa limepanda juu.

Mama yangu alikuwa na bega moja juu, la kubebea mizigo. Koti lilikuwa linapanda upande huo. Kila mlango tuliobisha, kwa chifu, kwa mwalimu mkuu, kwa Mhindi wa duka kuomba kibarua, kabla ya kubisha alikuwa anashuka na mkono wa kushoto, anavuta pindo, mara moja, chini. Halafu anabisha. Hakuwahi kubisha likiwa limepinda. Tulifungiwa milango mingi, lakini ilifungwa mbele ya mtu aliyenyooka.

Sikufikiria. Mkono ulikwenda wenyewe. Nilishika pindo kwa vidole viwili nikalivuta chini, likakaa, kwa sababu lina waya ya Karanja. Ndipo nikaona nimefanya nini. Kulirudisha vile lilikuwa sikuweza, nani anakumbuka lilikuwa limepanda nywele ngapi? Nilisikia viatu kwenye veranda nikatoka.

Mchana huo Chelangat alikuja stoo. Nilikuwa nakula githeri, au nimeshika kijiko tu.

"Fundi, kuna mtu ameingia kwa chumba?"

"Mimi nimekuwa hapa na chakula changu."

Aliniangalia mikono. Akasema, "Sawa." Akaenda.

Nilingoja Wekesa aje anifukuze. Siku tatu sikulala. Hakuja mtu. Chelangat alijifungia, na nikasikia tu kwamba amerudi nyuma kwa kazi yake, amefuta picha kadhaa, anazipiga upya. Nikajiambia, vizuri, amerekebisha, yameisha.

Filamu zilionyeshwa ukumbini, wazazi wamekuja. Nilisimama nyuma na wapishi. Kogo akatoka kwa nyumba, akakaa barabarani. Watu walikuwa wanaongea ongea. Halafu breki za lori zikalia, na kabla hajainua uso, mkono wa Kogo wa kushoto, ule wa vidole vitano, ulishuka polepole, ukashika pindo la koti, ukalivuta chini. Mara moja. Halafu ndipo akainua uso.

 Mwanamke mmoja mbele yangu alishika mdomo. Mpishi wetu, ambaye hata msibani hula kwanza, alisema, "Ngai, huyo ni mamangu."

Wako? Nilitaka kumpiga na sufuria.

Filamu ilipokwisha mwanga ukawashwa na Wekesa akampandisha jukwaani. Akamwuliza kwa maikrofoni, "Chelangat, hiyo ya koti. Hiyo haikuwa kwa michoro yako. Uliitoa wapi?"

Akaisogelea maikrofoni. Kisha akasema, "Ni shosho, sir, nyanya yangu mwenyewe. Alikuwa anafanya hivyo."

Wakapiga makofi wakasimama. Mimi nikatoka. Ningesema nini? Kwamba ni mama yangu? Wangeuliza aliingiaje mezani, na jibu ni mimi, saa ya chakula, na funguo za chuo. Aliniibia mama mbele ya watu mia mbili, na kitu pekee cha kumshtaki nacho kilikuwa kosa langu.

Ile filamu ilizunguka. Kogo akawekwa kwenye sanduku la kioo pale mapokezi, funguo kwa Wekesa. Alivyowekwa, koti lilipinda tena upande wa kushoto, na kila asubuhi miaka kumi nilipita hapo nikaliona, na kioo katikati yetu.

Chelangat alikwenda Nairobi, akarudi miaka sita baadaye akiwa mwalimu. Wa kompyuta. Sasa papeti wanatengenezwa humo ndani, na nguo zao humo ndani, na upepo wa kuzipeperusha humo ndani. Mnajua yaliyofuata kwa sababu nyinyi ndio mliajiriwa kwa sababu yake. Stoo ikafungwa nusu, halafu nusu ya pili, halafu nikaambiwa naweza kupumzika mapema. Alikuwa ananisalimia kila siku, "Sasa fundi, umeamkaje?" na mimi namjibu, "Kama unavyoniona." Miaka minne hatukuongea zaidi ya hapo.

Wiki yangu ya mwisho alikuja stoo nikifunga vitambaa. Akaketi juu ya meza ya cherehani, akijua sipendi. Nikaona sasa ni sasa.

"Shosho yako," nikamwambia. "Koti lake lilikuwa la rangi gani?"

Hakuuliza koti gani. "Shosho yangu hakuwa na koti, fundi. Alikuwa anajifunga shuka."

"Kwa hivyo ulidanganya."

"Nilidanganya."

"Mbele ya watu wote wale."

"Ulitaka niseme nini? Mwalimu Wekesa ameniuliza na maikrofoni. Niseme fundi aliingia akashika papeti? Ungemaliza wiki?" Akanionyesha vidole vyangu. "Uliacha chaki kwenye pindo. Alama mbili, za bluu. Nilizifuta na mate kabla mtu hajaona. Nilikaa nikaangalia ile picha, koti limeruka peke yake. Nikasema, fundi hawezi kuharibu koti alilolishona siku tisa. Huyu amelinyoosha. Na kama amelinyoosha, basi kuna mtu alikuwa analinyoosha. Nikarudisha picha thelathini nyuma, nikampatia Kogo mkono."

 Nilikuwa nakunja kitambaa ambacho nilikuwa nimeshakikunja.

"Ni nani, fundi?"

Ndipo nikamwambia. Wairimu, Mau Narok, cherehani, bega, milango. Alisikiliza hadi mwisho, halafu akauliza kwetu kulikuwa upande gani wa mji, na nikamwambia, na akasema anapajua, kuna ngano sasa.

Tafadhali msidhani nilifurahi. Miaka kumi nilikuwa na mtu wa kuchukia, safi, mwizi wa mama yangu, na sasa nimeambiwa aliniokolea kibarua. Mkono alinishinda. Macho alinishinda, kwa sababu mimi nilivuta pindo tu, yeye ndiye aliona ni mtu. Ulikuwa umebaki moyo, niseme angalau hapo mimi ni bora. Hata hapo amenipita.

Kwa hivyo andikeni mahali, na mumwonyeshe Wekesa, ambaye hawezi tena kunifukuza: mimi Muchiri ndiye nilishika papeti picha zikiendelea. Koti ni la Wairimu. Waya ya pindo ni ya Karanja, fundi wa sofa, Bondeni. Vumbi alipangusa Mama Adhiambo na alikuwa anafanya kazi yake tu.

Siku ya kutoka, Chelangat alinipeleka mapokezi. Alikuwa ameomba funguo ya kioo. Akafungua, akasimama kando, akaweka mikono nyuma.

"Shika, fundi. Hakuna anayepiga picha."

Nilijifuta vidole kwenye suruali kwanza. Nikashika pindo la kushoto, nikalivuta chini, mara moja. Likakaa. Nilirudi hatua mbili nikaangalia, limenyooka kabisa.

Nikamwambia, "Likichafuka msilipige pasi. Bitana ni ya nailoni, itaungua."

"Najua," akasema.

Kila kitu anajua, huyo.